Mkopo si Ufadhili, Wazazi Waelezwe Mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya neno "ufadhili". Huku vijijini kila fedha inayomsomesha kijana chuo kikuu huitwa hivyo, na jambo hili linaleta ugomvi majumbani.

Mzazi mmoja alinijia usiku na hati ya mshahara wa mwanawe. "Mwalimu, Serikali ilimsomesha bure, mbona sasa inamkata?" Mzee alikwisha panga kuezeka nyumba na kuwasomesha wadogo wawili kwa mshahara huo. Ikanibidi nimweleze kuwa fedha zile zilitoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nazo hurudishwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kweli, mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Deni lenyewe lilibaki.

Ufadhili hasa haurudishwi. Uko ule wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu vizuri sana sayansi kidato cha sita. Ziko pia nafasi za ng'ambo, kama China na Hungaria, ila masharti yasomwe yote, kwani nyingine hulipa ada na malazi, nauli ukajitegemee.

Sasa ndugu zangu, ufadhili wa Samia huangalia alama, mkopo huangalia uhitaji. Kijana wa shule ya kata mwenye alama za wastani tegemeo lake ni mkopo, nami simkatazi kuuchukua. Lakini mwombaji hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na yatima huleta cha kifo cha mzazi. Watoto wetu wengi wamezaliwa nyumbani. Vyeti huanza kutafutwa kidato cha sita kimekwisha, mbio mbio, na wengine hukosa mkopo kwa karatasi tu.

Naomba viongozi wa vijiji walieleze jambo hili mikutanoni mtoto akiwa bado shule ya msingi. Nilipouliza darasani kwangu, darasa la saba, kati ya wanafunzi 41 wenye vyeti walikuwa 17.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.