Wamama, tuangalie kable kabla ya kulipa

Juma hili tunazungumza juu ya kable, kwa sababu karibu itule makuta ya kikundi.

Ordinateri yetu, ile tunayoandikia akiba na madeni ya kila mama, ilikataa kuwaka. Tuliichomeka kwenye chajeri ya simu usiku kucha, asubuhi ikawa bado imezima. Fundi akaitazama, akasema betri imekufa, tulete dola 40. Tulikuwa tayari kuzitoa katika sanduku la msaada, lile la wagonjwa na wanaojifungua. Ndipo binti wa mama mmoja akaja na chajeri na kable ya ordinateri yake. Ikawaka! Betri haikuwa na kosa lolote.

Shida ni kile kitundu cha mviringo kinachoitwa USB-C. Kilitoka mwaka 2014, na uzuri wake ni kwamba kable inaingia upande wowote. Sasa kiko kwenye simu, ordinateri, hata taa za jua. Katika Umoja wa Ulaya ni sheria kwa simu mpya tangu Desemba 2024. Basi tunafikiri mdomo ukiwa mmoja, kazi nayo ni moja. Sivyo. Kuna kable za bei ndogo zenye nyaya za umeme peke yake: simu inajaa, lakini ukitaka kupitisha picha za harusi kwenye ordinateri, hazipiti, na unampelekea fundi simu nzima. Hata wenye kutunga majina hawatusaidii. USB 3.0 waliigeuza kuwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, na kitu ni kilekile!

Geuza chajeri, usome maandishi madogo. Zidisha volti (V) kwa ampea (A), utapata wati (W). Chajeri yetu ya simu ni 5V na 2A, yaani wati 10. Ya yule binti ni 20V na 3.25A, yaani wati 65. Kumbe tulikuwa tunajaza pipa kwa kijiko. Ordinateri nyingi hukataa kabisa umeme mdogo namna hiyo.

Kable nayo ina kipimo chake. Yenye USB-C pande zote mbili, ikiwa nzuri, hubeba wati 60. Zenye nguvu zaidi hufika 240, na siku hizi namba huandikwa kwenye kichwa cha kable. Kama hakuna namba, tuijaribu palepale kwa chombo chetu, kujaza na kupitisha picha, kabla ya kutoa franka. Muuzaji akikataa, jirani yake naye anauza.

Kable ya kikundi tumeifunga kitambaa chekundu. Inakaa sandukuni pamoja na daftari, na anayeiazima anaandika jina lake kwanza.