Wasomi wa Maafa Waende Vijijini

Tarehe 11 Machi, 2015, kontena liliangukia basi la abiria huko Changarawe, Mufindi, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mwaka 2016 mafuriko yakawaondoa makwao wananchi wa Pawaga, wilayani Iringa. Mara zote mbili Serikali na wananchi walijitokeza kwa moyo mmoja. Moyo huo unastahili pongezi. Lakini huruma inayokuja baada ya msiba haimrudishi marehemu.

Wapo wanaodhani kuwa elimu ya maafa ni kazi ya kugawa unga na mablanketi tu. Hiyo ni fikra potofu. Ni taaluma kamili, ambayo mtaalamu wake huchunguza mito, mvua, barabara na sheria, kisha akaishauri Serikali kabla hatari haijatokea. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kinaifundisha. Marekani, baada ya mashambulizi ya 11 Septemba, 2001, iliunda wizara nzima ya usalama wa ndani, na vyuo vyake vikaanzisha masomo ya fani hiyo. Hata hivyo, kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kiliifunza kwamba adui wa raia si mwenye silaha peke yake.

Adui wa mkulima wa Pawaga ni mto uliofurika. Ngao yake ni maarifa: kujua maji yatafika wapi, ghala lijengwe wapi, na nani apige mbiu ya mgambo.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo zisipopata mwalimu zitabaki majina katika daftari. Iringa haina upungufu wa wasomi. Inavyo vyuo vya Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa. Msomi anayepanda cheo kwa makala zinazosomwa na wenzake tu, huku kijiji jirani hakijui njia ya mafuriko, bado hajalipa deni la wakulima waliomsomesha.

Kwa hiyo, hapana budi vyuo vipime kazi ya mhadhiri kwa vijiji alivyovifundisha pia, na halmashauri ziwape ajira vijana wanaochagua taaluma hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua haimsubiri mtafiti amalize kuandika.