Kelele Haizoeleki



Mwulize fundi wa kusaga chuma hapa Mamboleo, au mwendesha mashine ya posho, au mwenzetu wa kiwanda cha sukari huko Kibos, kelele ya kazini inamfanyaje. Atakujibu: "Nimezoea." Neno hilo ni la hatari.

Sikio halizoei kelele. Ndani kabisa ya mfupa wa kichwa mna kijumba chenye maji, kimejiviringisha kama konokono, na ukubwa wake ni kama punje ya njegere. Wataalamu hukiita koklea. Sauti ikigonga kiwambo cha sikio, vifupa vitatu huipeleka mpaka kwenye maji hayo. Maji yakitikisika, vijinyweleo vidogo sana hupinda kama matete ya ziwani penye upepo, na neva hupeleka habari kwenye ubongo. Chembe zenye vijinyweleo hivyo ni kama 15,000 katika kila sikio. Kelele kubwa ya kila siku huzichosha, mwisho huziua, wala hazioti tena. Huanza kufa zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu husikia wenzake wakisema, lakini maneno hayatambui. Basi asemaye amezoea, huenda ameanza kuwa kiziwi.

Mkono ukikatika, damu huonekana na fidia hudaiwa. Sikio hufa bila damu, na tajiri hunyamaza.

Sheria ipo. Kanuni za Kelele za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kupata kelele ya wastani wa kupita desibeli 90 kwa saa nane. Ikipita 85, mwajiri hana budi kuwa na mpango wa kuipunguza na kulinda masikio. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama mahali po pote penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Kwa hiyo, ikiwa ni lazima upige kelele ili mwenzako aliye karibu akusikie, mwarifu mwakilishi wa chama. Daini kelele ipimwe, mashine zitengenezwe na kufunikwa, na vifuniko vya masikio vitolewe. Pamba si kinga. Nawe ndugu, ukipewa kinga uivae. Usiitundike msumarini kungoja mkaguzi. Mafundi wa jua kali wasio na tajiri nao wajinunulie.

Mashine ikiharibika huagizwa kipuri. Sikio halina kipuri.