HAKI HAINGOJI BEI YA HISA

Kila mara uchumi wa nchi za kibepari unapoyumba, huzuka miongoni mwa matajiri watoao sadaka hoja moja ambayo ukiisikia mara ya kwanza inapendeza. Husemwa kwamba wakati wa dhiki fedha zielekezwe kwenye chakula, blanketi na dawa; na kwamba mambo ya haki, yaani mawakili wa wafungwa, vyama vya wapangaji, watetezi wa ardhi na wa wafanyakazi, yasubiri mpaka neema irejee. Sisi tunasema hoja hiyo inapotosha, na historia ya mifuko hiyo yenyewe inaikanusha.

Kwanza ijulikane tunazungumzia kitu gani. Mwambao wetu unaufahamu wakfu tangu zamani: mtu hutoa nyumba au shamba la minazi, mali yenyewe haiuzwi, bali kodi na mazao yake huwaendea maskini au msikiti. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Wakfu wa Rockefeller, ulioanzishwa Marekani mwaka 1913, na Wakfu wa Ford wa mwaka 1936, imejengwa juu ya fikra inayofanana na hiyo, ila mali yake si minazi bali ni hisa. Jasho la wafanyakazi wa visima vya mafuta na wa viwanda vya magari liligeuka faida, faida ikageuka hisa, na chembe ya pato la hisa hizo hurudi kwa umma kwa jina la ukarimu. Hatulisemi jambo hili kwa kejeli. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Mlimani ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1970, kilisaidiwa na mifuko yote miwili, na waliosoma humo wamelitumikia taifa hili. Lakini asili ya fedha hizo ndiyo asili ya ugonjwa wake. Soko la hisa likianguka, mfuko husinyaa siku zile zile ambazo mfanyakazi anafukuzwa kazi na mpangaji anatolewa nyumbani. Fedha ya kutetea haki hupungua kadiri dhuluma inavyoongezeka.

Uko mfano mmoja ambao ungestahili kufahamika zaidi. Mwaka 1922 kijana wa Kimarekani, Charles Garland, ambaye hakutaka kuula urithi wake wa karibu dola milioni moja, aliutoa uanzishiwe mfuko wa kuyasaidia mapambano ya wafanyakazi na watu weusi. Mwaka 1930 mfuko huo uliamua kutenga dola 100,000 kwa ajili ya NAACP, chama kilichokuwa kikipigania haki za weusi, ili kigharamie vita vya mahakamani dhidi ya ubaguzi. Uamuzi ulikuwa mwema, lakini soko la hisa la New York lilikuwa limekwisha poromoka tangu Oktoba 1929. Hisa za mfuko zikayeyuka. Katika dola 100,000 zilizokusudiwa zikatoka kama dola 20,000 tu.

Chama kile hakikukaa kitako kulia. Kwa fedha hizo chache kilimwajiri mwanasheria aandike mpango wa mashambulizi, uliokamilika mwaka 1931, kisha kazi yote ikakabidhiwa kwa Charles Hamilton Houston, aliyekuwa akiongoza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard. Houston alichagua kesi chache, zilizo nyepesi kushinda na rahisi kugharamia, akianzia na vyuo vya sheria vilivyowakataa vijana weusi. Mwanafunzi wake Thurgood Marshall ndiye aliyekuja kushinda kesi ya Brown katika Mahakama Kuu ya Marekani tarehe 17 Mei 1954, shule za ubaguzi zikatamkwa kuwa kinyume cha katiba. (Marshall huyo huyo ndiye aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kenya na kuwaandikia rasimu ya haki za raia katika mkutano wa Lancaster House.) Watu hupenda kuisimulia habari hii kama ushahidi kwamba kidogo kinatosha. Sisi tunauliza swali jingine: ni kesi ngapi hazikufunguliwa kwa kukosekana dola 80,000? Kati ya mwaka 1930 na 1954 ni watoto wangapi walioingia na kutoka katika shule zile za dhuluma? Hao nao waliambiwa wasubiri.

Mfuko wa Garland angalau haukuficha kitu. Ulitoa mpaka ukaisha, na mwaka 1941 ukafungwa. Mifuko mikubwa ya siku hizi haina udhuru huo, na hapa hapana budi tuieleze sheria inayoitawala. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1969 sheria ya kodi iliyoilazimisha mifuko kutoa kila mwaka sehemu ya thamani ya mali yake, na tangu mwaka 1981 sehemu hiyo imekuwa asilimia 5. Bunge liliweka kima cha chini. Wadhamini wengi wamekifanya kuwa kima cha juu, mfano wa mwajiri anayedhani kwamba kima cha chini cha mshahara ndiyo stahili kamili ya mfanyakazi. Isitoshe, mifuko mingi hupiga hesabu kwa wastani wa thamani ya miaka kadhaa. Mtindo huo una faida yake, kwani ruzuku haishuki ghafla. Lakini maana yake pia ni kwamba pigo la mwaka mbaya hufika kwa wapokeaji mwaka mmoja au miwili baadaye, na soko linapoinuka mfuko ndio unaopona kwanza, wakati chama cha wapangaji kimekwisha kufunga ofisi.

Tumeyaona hayo zaidi ya mara moja. Kati ya mwaka 1973 na mwisho wa 1974 hisa za New York zilipoteza karibu nusu ya thamani yake. Ni miaka ile ile ambayo hapa kwetu ukame na bei ya mafuta viliilazimisha Serikali kununua nafaka ng'ambo. Wakfu wa Ford uliongozwa wakati huo na McGeorge Bundy, yule aliyekuwa mshauri wa Marais Kennedy na Johnson wakati vita vya Vietnam vinapanuliwa. Chini yake Wakfu huo ulikuwa umetoa fedha mwaka 1968 kuanzisha chombo cha kisheria cha kuwatetea Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Na chini yake yeye yule ukaamua kupunguza shughuli zake kwa karibu nusu. Henry Ford wa Pili alijiuzulu udhamini mwishoni mwa mwaka 1976 akilalamika kwamba Wakfu ni tunda la ubepari na kwamba watumishi wake hawaonekani kulitambua hilo. Tunakubaliana naye katika sehemu ya kwanza.

Mwaka 2008 mambo yakawa mabaya zaidi. Wakfu wa JEHT, uliokuwa mstari wa mbele kugharamia marekebisho ya magereza na mahakama za Marekani, ulitegemea fedha zilizowekwa mikononi mwa Bernard Madoff. Madoff alikamatwa tarehe 11 Desemba 2008, na katika siku chache Wakfu ukatangaza kwamba ungefunga milango Januari 2009. Vyama vilivyokuwa vikiutegemea vilipata habari kama mtu anavyopata habari ya msiba. Hapa si soko peke yake lililoanguka. Mtu mmoja alikuwa mwizi. Lakini kwa mfungwa aliyekuwa akingoja wakili, tofauti hiyo haina uzito mkubwa.

Ndipo tunapofika mwaka 2020, ambao kwa maoni yetu ndio ulioondoa kisingizio. Maradhi ya korona yalipofunga viwanda na maduka, mifuko zaidi ya 700 ilitia saini mwezi Machi na wiki zilizofuata ahadi ya kulegeza masharti yake: fedha zilizofungwa kwenye mradi fulani ziruhusiwe kulipa mishahara na pango, na taarifa za robo mwaka zisidaiwe kwa haraka. Jambo jema. Ila ikiwa masharti yanaweza kuondolewa kwa siku chache bila madhara, yalikuwa yakimlinda nani miaka yote hiyo? Mwezi Juni, wiki chache baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, Wakfu wa Ford, ukiongozwa na Darren Walker, ulitangaza kukopa dola bilioni moja kwa kuuza hati za dhamana za miaka 30 na 50, kwa riba isiyofika asilimia 3, ili uongeze ruzuku badala ya kuipunguza. Pamoja na mifuko mingine minne, MacArthur, Kellogg, Mellon na Doris Duke, ahadi zilipita dola bilioni 1.7.

Wapo wanaokosoa kwamba hata katika ukarimu huo tajiri alikopa kwa tajiri na riba ikabaki nyumbani. Ni kweli. Lakini kuuza hisa wakati bei iko chini ni hasara, na kukopa kwa riba ndogo kulikuwa na busara yake. Hatuna ugomvi na njia iliyotumika. Tunachosema ni kwamba kuanzia siku ile mdhamini wa mfuko mkubwa hawezi tena kumwambia mwombaji, "Hatuna fedha." Anachoweza kusema kwa ukweli ni, "Hatutaki kuigusa mali."

Jambo hili linatuhusu. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi iliyofunguliwa na Treatment Action Campaign na wenzake, iliamuru serikali iwapatie akina mama wajawazito dawa ya nevirapine ili UKIMWI usiwafikie watoto wao. Aliyetaka kupeleka dawa kama sadaka angefikia hospitali ngapi? Kesi moja ilifungua hospitali za umma za nchi nzima. Na bado mwaka 2014 chama hicho hicho kililazimika kutangaza hadharani kwamba kinaishiwa, kikaomba michango kisife. Kisha Januari 2025 Serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likakoma. Ule haukuwa mdororo wa soko, lakini kwa vikundi vya huku kwetu matokeo yalikuwa yale yale: wote waligeukia mlango wa mifuko binafsi, nao haukupanuka kwa kiasi hicho. Wakfu wa MacArthur ulitangaza kwamba kwa miaka 2025 na 2026 ungetoa si chini ya asilimia 6. Asilimia moja si mchezo; katika kila dola bilioni moja ni dola milioni 10 kwa mwaka. Tungependa kusikia mifuko mingine ikieleza kwa nini isiwezekane kwake.

Tungependa vile vile vikundi vyetu vijitazame. Azimio la Arusha lilionya mwaka 1967 kwamba fedha, hasa za kutoka nje, si msingi wa maendeleo, na onyo hilo halikuwahusu wakulima wa vijijini peke yao. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925 kulinda haki yao ya kulima zao ambalo walowezi walitaka kulihodhi, na mwaka 1933, katikati ya mdororo ule ule uliomeza fedha za Garland, ikaundwa KNCU. Kikundi cha haki kisicho na mwanachama hata mmoja anayelipa ada, lakini kina gari na warsha kila mwezi hotelini, kijiulize kitakuwa wapi hisa zikianguka tena.

Hata hivyo, tusiifanye ada kuwa jibu la kila kitu. Mkulima wa kahawa alikuwa na gunia la kukatwa. Mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake hana, wala mahabusu aliyekaa miaka bila kesi kusikilizwa hana. Hata vyama vya siasa, chetu kikiwemo, hupokea ruzuku ya Serikali kwa mujibu wa sheria, kwa sababu ada peke yake haitoshi. Watu wa namna hiyo watahitaji fedha za wengine kwa muda mrefu, nasi hatuoni aibu kuzidai. Zitolewe kwa miaka mitatu au mitano badala ya mmoja, ziwe huru kulipa karani na pango la ofisi, na mfuko utamke mapema, hisa zikiwa juu, utafanya nini siku zitakapoanguka. Hesabu za miaka ile miwili ya MacArthur zitakapokamilika, tutazisoma pamoja na za majirani zake wa New York na Chicago ambao walibaki kwenye asilimia 5.