Kinachowabakiza Vijana Kwenye Roboti

Watu wengi hudhani kwamba kijana hupenda roboti kwa sababu ana akili nyingi au shule yake ina vifaa vya bei ghali. Sikubaliani na dhana hiyo. Vifaa humvuta mtu hadi mlangoni tu; kinachomfanya abaki ndani ni mambo mengine.

Kwanza, roboti hujibu papo hapo. Unaiagiza igeuke kulia, inageuka kushoto. Haikusuti wala haikupi alama ya chini. Unakagua nyaya, unapitia programu, unajaribu tena. Aliyeonja furaha ya kugundua kosa lake mwenyewe hachoki upesi.

Pili, kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja huunda mwili wa roboti, mwingine huandika programu, wa tatu huieleza kazi yao mbele ya waamuzi. Mtu hudumu mahali anapojua kwamba asipofika, pengo lake litaonekana.

Tatu, ujuzi huo hupata maana unapowafaa wengine. Mwaka 2017, timu ya wasichana wa Afghanistan kutoka mji wa Herat ilinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia Marekani kwa mashindano ya FIRST Global, jijini Washington. Walirudi na medali ya fedha ya ujasiri. Hawakuishia hapo. Mwaka 2020, korona ilipoenea kwao, wasichana wa timu hiyo waliunda mashine ya majaribio ya kuwasaidia wagonjwa kupumua, wakitumia vipuri vya gari la Toyota Corolla. Medali peke yake isingewafikisha huko.

Wapo wanaosema kwamba klabu za roboti hula muda wa masomo. Ni kweli kwamba asiyepanga muda wake ataumia kwenye mtihani. Hata hivyo, aliyeona kwa macho yake gia ndogo ikizungusha gia kubwa, kasi ikapungua na nguvu ikaongezeka, hana haja ya kukariri kanuni hiyo.

Kwa maoni yangu, shule zisihesabu vikombe kabatini. Zihesabu wanafunzi wanaorudi klabuni baada ya kushindwa. Pasipo na vifaa, mota ya redio mbovu, betri na boksi gumu vyatosha kuanzia. Nawe mtahiniwa, usiiage klabu moja kwa moja kwa sababu ya mtihani. Iage kwa muda, kisha urudi.