Nakala Isiyosomewa Ripoti Si Akiba

DAFTARI LA MWAMBAO
Na Karani wa Raskazone

Zahanati, shule, ofisi za mawakala wa forodha na vyama vya ushirika vya Tanga na wilaya zake vinazidi kuhamisha kumbukumbu kutoka kwenye majalada kwenda kwenye kompyuta, na baadhi yao wamepiga hatua ya pili, ya kulipia huduma ya nakala rudufu, ile ambayo mafundi huiita bakapu, ambayo kila usiku husafirisha mafaili kwa intaneti hadi kwenye seva za kampuni iliyo mbali, mahali panapoitwa wingu. Hatua hiyo inastahili sifa, kwa kuwa katika mji wa mwambao, ambako hewa ya chumvi hula vyuma na umeme hukatika bila kupiga hodi, diski moja iliyo juu ya meza haiwezi kuaminiwa kubeba kumbukumbu za taasisi nzima. Ipo hata hivyo hatua ya tatu ambayo ni rahisi kuiruka, nayo ni kusoma ripoti ambazo programu hiyo hutoa kuhusu kazi yake yenyewe. Hoja ya safu hii ni kwamba usomaji huo ni wajibu wa mkuu wa taasisi kabla ya kuwa wa fundi, na kwamba nakala isiyokuwa na msomaji wa ripoti yake haifai kuhesabiwa kuwa akiba.

Ripoti ya shughuli ni taarifa ambayo programu huiandika kila inapomaliza, au inaposhindwa kumaliza, kazi iliyopangiwa. Huonyesha kazi ilianza saa ngapi na ikaisha saa ngapi, mafaili mangapi yalikaguliwa, mangapi yalinakiliwa kwa sababu ni mapya au yamebadilika, mangapi yalirukwa, ni kiasi gani cha data kilichosafirishwa, na nafasi iliyobaki katika hifadhi iliyolipiwa. Mwishoni huweka hukumu ya neno moja au mawili, ambayo kwa kawaida ni mojawapo ya tatu: kazi imekamilika, imekamilika kwa maonyo, au imeshindwa. Hukumu ya kwanza haina taabu na ya tatu hujitangaza yenyewe, lakini ile ya katikati ndiyo inayoponza watu, kwa sababu msomaji mwenye haraka huliona neno "imekamilika" na kuliacha neno "maonyo" lipite.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa zahanati ambayo ripoti yake ya asubuhi inasema kwamba mafaili 41,206 yamekaguliwa na faili 1 limerukwa. Kwa hesabu ya darasani hiyo ni kazi iliyofaulu karibu kwa ukamilifu, lakini anayefungua orodha ya yaliyorukwa anakuta kwamba faili hilo moja ndilo hifadhidata ya wagonjwa na malipo, ambalo halikunakiliwa kwa sababu programu ya mapokezi iliachwa wazi usiku kucha na hivyo ikalishikilia. Mafaili 41,205 yaliyofika wingu salama ni fomu tupu, matangazo ya ukutani na picha za sherehe za wafanyakazi. Hali hiyo ikijirudia kwa miezi sita, zahanati itakuwa imelipia kila mwezi ulinzi wa vitu visivyokuwa na thamani, huku kitu pekee chenye thamani kikiwa hakina nakala ya karibuni hata moja, na ripoti itakuwa imelisema jambo hilo kila asubuhi.

Safu ya muda nayo ina habari zake. Taasisi ambayo intaneti yake hupandisha megabiti 2 kwa sekunde huhitaji saa 22 na ushei kusafirisha gigabaiti 20, ndiyo maana programu hizi hunakili kila kitu mara ya kwanza na baada ya hapo huchukua mabadiliko tu. Ikiwa ripoti za wiki moja zinaonyesha kwamba kazi iliyokuwa ikiisha kwa dakika 40 sasa inachukua saa tano, ama data imekua ama mtandao umedhoofika, na vyote viwili vinataka uamuzi. Ikiwa mabadiliko ya usiku mmoja, ambayo kwa kawaida hayazidi megabaiti 300, yanaruka ghafla hadi gigabaiti 60, hofu inakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa programu za wahalifu zinazoyafunga mafaili kwa fumbo ili kudai fidia hulibadilisha kila faili zinaloligusa, na ripoti ya nakala rudufu huweza kuwa mahali pa kwanza ambapo dalili hiyo inaonekana.

Msomaji wa mwambao ana mtego mwingine wa kuuepuka, nao ni saa. Baadhi ya programu za aina hii huandika muda kwa saa ya kimataifa isipokuwa zimeelekezwa vingine, na saa hiyo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kazi iliyofanyika saa nane za usiku wa kuamkia Jumatatu huandikwa katika ripoti kuwa ilifanyika Jumapili 23:00, na mtu aliyezoea kusoma tarakimu hizo kuwa saa tano za usiku ataamini kwamba nakala ilichukuliwa mapema kuliko ilivyochukuliwa, tena tarehe nyingine. Siku ya kawaida kosa hilo halidhuru, lakini siku ya maafa, mtu anapolazimika kuchagua ni nakala ipi irudishwe ili kazi ya zamu ya usiku isipotee, saa tatu hizo huwa na uzito. Jambo la kwanza la kurekebisha katika mipangilio, kwa hiyo, ni majira ya eneo.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu ripoti zisizosomwa kilitokea mbali na Tanga, tena kwa watu wenye utaalamu usiotiliwa shaka. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya seva kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuchukua nakala, lakini zilipotafutwa ikabainika kwamba ile ya kila siku ilikuwa ikishindwa kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata. Programu ilikuwa ikituma baruapepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko, ila baruapepe hizo zilikataliwa na mtambo wa kupokea barua kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji, na hivyo hazikumfikia mtu yeyote. Kampuni iliokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa, na kilichoandikwa ndani ya saa hizo sita hakikurudi. GitLab ilieleza hadharani mkasa wake wote, na kiini cha maelezo hayo ni kwamba ukimya ulichukuliwa kuwa ni salama.

Mlinzi wa usiku aliyeagizwa kugonga chuma kila saa hamwamshi mwenye nyumba kwa mlio wake, bali humwamsha siku mlio usiposikika, na ripoti za nakala rudufu zinapaswa kupangwa kwa kanuni hiyohiyo. Taasisi inayoagiza itumiwe baruapepe pale tu kazi inaposhindwa imejiweka katika hali ya kutoweza kutofautisha usiku wa amani na usiku ambao kompyuta yenyewe ilizimwa, leseni ilikwisha muda wake au intaneti ilikatika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, huduma ya intaneti ilizorota vibaya nchini Tanzania na katika nchi jirani, na katika hali kama hiyo nakala inayoelekea wingu la ng'ambo hukwama pamoja na baruapepe ambayo ingetoa habari ya kukwama kwake, kwa kuwa vyote viwili hupita njia moja. Ripoti fupi inayotarajiwa kila siku, hata ile ya heri, ndiyo pekee inayoufanya ukosefu wake uwe habari.

Suala la nani anayetumiwa ripoti hizo linahitaji uangalifu kuliko linavyopewa. Katika nchi ambayo uhamisho wa watumishi ni jambo la kawaida, anwani ya mtu binafsi iliyojazwa siku programu ilipowekwa huendelea kupokea ripoti za ofisi ya Tanga hata baada ya mwenyewe kuhamia Dodoma. Anwani ya cheo, inayokabidhiwa pamoja na funguo za ofisi, huondoa kasoro hiyo. Wapokeaji nao wawe wachache, kwa sababu majina ya mafaili yanaweza kutoa siri, hasa pale ambapo faili limepewa jina la mgonjwa au la mwanafunzi.

Upande huo unagusa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde dhidi ya upotevu unaotokana na uzembe na dhidi ya uharibifu usioidhinishwa, na pia inaweka masharti ya kuzisafirisha taarifa hizo nje ya nchi, jambo ambalo wingu hulifanya kila usiku bila kelele. Taasisi itakayoulizwa ilichukua hatua gani haitakuwa na ushahidi ulio bora kuliko jalada la ripoti zilizosomwa na kutiwa saini. Wakazi wa Tanga hawahitaji kuhubiriwa kuhusu desturi ya kutoa hesabu, maana mamlaka yao ya maji, Tanga UWASA, iliingia sokoni Februari 2024 na hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, na kila aliyeinunua anafahamu kwamba mwenye kushika mali ya wengine huwajibika kueleza imefikia wapi. Taarifa ya mteja ni mali ya mteja, na haielekei kudai maelezo ya fedha na kunyamazia kumbukumbu.

Mkoa huu una historia yake ya nakala zinazofuatiliwa kwa maandishi. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 huko Amani, katika Usambara Mashariki, kilikusanya mimea kwa desturi ya wanabotania ya kuchuma vipande kadhaa vya mmea uleule, kuvipa namba moja ya mkusanyaji na kuvigawa kwa makumbusho mbalimbali. Mwezi Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya makusanyo ya Berlin, na tangu hapo vipande pacha vilivyosalia kwingine, vikiwemo vya makusanyo yaliyoanzia Amani na sasa yako Nairobi, vimekuwa rejea ya wataalamu. Wingi wa vipande peke yake usingefaa kitu. Vilifaa kwa sababu namba na lebo zilimwezesha mtu, miaka mingi baadaye, kujua kwa hakika kwamba hiki ni pacha wa kile kilichoungua.

Wapo watakaosema kwamba mkuu wa shule au daktari hana nafasi ya kusoma takwimu za kompyuta kila asubuhi, na pingamizi hilo lina ukweli, kwa kuwa ripoti zikizidi hugeuka takataka za kisanduku cha barua na jicho huzizoea. Jibu lake ni mgawanyo. Fundi apokee ripoti ya kila siku pamoja na orodha kamili ya yaliyorukwa, na mkuu apokee muhtasari wa Jumatatu unaojibu maswali matatu: nakala ya mwisho iliyokamilika bila onyo ni ya tarehe gani, ni faili gani muhimu halimo, na mara ya mwisho faili kurudishwa kutoka wingu na kufunguka ilikuwa lini. Swali la tatu ndilo lenye makali zaidi, kwa sababu ripoti husema kwamba data imesafiri na haisemi kwamba inarudi, na uthibitisho wa kurudi hupatikana kwa kujaribu tu, walau mara moja kila robo mwaka.

Wahenga wa mwambao walisema akiba haiozi, na kwa nafaka kavu iliyo ghalani walikuwa na haki, lakini akiba ya wingu huoza huku mwenyewe akiendelea kuilipia. Gharama ya kuizuia isioze ni dakika kumi za Jumatatu, anwani moja ya cheo na daftari la saini, na mkuu wa taasisi ambaye hajawahi kuuliza maswali yale matatu anaweza kuyauliza Jumatatu hii bila kusubiri bajeti.