Kabla ya Kununua Vyombo Vipya, Tutengeneze Meza



Siku hizi kuko mazungumzo mengi katika masomo yetu juu ya sanduku la atelye. Wengine wanataka feza ile inunue multimetri mbili mpya na chuma kingine cha kusudea. Wengine wanataka tupake rangi na kuweka kibao kizuri kule barabarani ili wateja waongezeke. Sisi wa sehemu ya elektroniki tunasema wazi: kabla ya hayo yote, tutengeneze meza. Hatusemi meza ya kupendeza macho. Tunasema meza isiyoua vitu ambavyo watu wanatuletea ili tuviponyeshe.

Ni kitu gani kinaua? Ni umeme wa kutulia, ule ambao katika kitabu chetu cha fizika unaitwa statiki. Kila mutu anaujua hata kama hakusoma. Usiku wa kiangazi ukivua triko ya nailoni katika giza, inalia ta-ta-ta na vimulimuli vidogo vinaonekana. Ukisugua kitana cha plastiki katika nywele, kinavuta vipande vya karatasi. Vitu viwili vikigusana na kuachana, kimoja kinanyanganya kingine elektroni, na kila kimoja kinabaki na mzigo wake wa umeme. Mzigo huo unakaa kimya, unangojea njia. Ukigusa chuma, unaruka.

Radi ni ndugu yake mkubwa, na sisi wa Kivu hatuna lazima ya kuelezwa radi ni nini. Wataalamu waliohesabu radi kwa vyombo vya satelite walitangaza katika mwaka wa 2016 kwamba Kabare yetu ni ya pili katika dunia nzima, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: kama radi 205 kwa kilometri moja ya mraba kila mwaka. Tunaogopa huyo mkubwa, na tuna haki. Lakini mudogo wake anakaa juu ya meza yetu kila siku na hakuna mwenye kumuangalia.

Sasa tuangalie hesabu, juu hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mwili wa mutu hausikii umeme huo unaporuka mpaka ufike karibu volti 3,000. Chini ya hapo, hausikii kitu. Lakini kuko sirkwi ambazo zinaumia kwa volti 100, na nyingine hata chini ya 100. Maana yake: unaweza kuua kitu mara nyingi pasipo kusikia hata mara moja. Mutu anayetembea juu ya tapi ya nyumba wakati hewa ni kavu kabisa anaweza kufika volti 35,000. Hewa ikiwa na maji mengi, anafika kama 1,500 tu. Mutu anayekaa tu kwenye meza ya kazi na kusogeasogea anaweza kufika 6,000 wakati wa ukavu. Yeye mwenyewe hafi, sababu volti ni nyingi lakini mzigo wenyewe ni mudogo sana na unaisha mara moja. Sirkwi haina mwili kama wetu.

Juu ya nini zamani baba zetu walitengeneza radio juu ya meza yoyote? Sababu radio zile zilikuwa za lampe, na lampe ni ngumu, haiogopi cheche ndogo. Tranzistori ya kwanza ilionyeshwa kule Marekani mwezi wa 12 wa 1947. Katika 1959 Atalla na Kahng walitafuta namna mpya ya tranzistori, ile inayoitwa MOS, na leo telefone na ordinateri zote zinasimama juu yake. Ndani yake kuko ngozi nyembamba sana inayotenga mlango wa tranzistori na njia ya umeme. Ngozi hiyo ni nyembamba kupita unywele wetu mara elfu na elfu. Cheche ikipita, inaitoboa. Hakuna gundi ya kuziba tundu hilo.

Na kama ingekufa palepale, tungeshukuru, juu tungeona makosa na kuomba radhi. Shida kubwa ni ile inayojeruhiwa bila kufa. Telefone inawaka, mwenyewe anafurahi, analipa, anaenda. Kisha juma mbili au mwezi mmoja, inazimika. Fikirini mama anayeuza samaki sokoni: feza yake iko ndani ya telefone, namba za wateja wake ziko ndani. Anarudi kwetu na kusema: « Watoto wa masomo walinidanganya. » Tunaweza kumujibu nini? Tulifanya kazi kwa moyo safi, lakini meza yetu ilikuwa mwizi. Jina la masomo linaharibika kwa cheche ambayo hakuna aliyeiona.

Njo maana tunasema kibao cha barabarani kingojee. Kuita wateja wengi kwenye meza mbaya ni kuongeza hesabu ya watu watakaotulaumu.

Tunajua majibu ya wenzetu. La kwanza: « Bale ba kwenye soko banatengeneza telefone kila siku bila hiyo kamba ya mukono. Juu ya nini ninyi munataka kujifunga kama mbuzi? » Tulicheka na sisi. Na tunakubali sehemu ya neno lao: karte iliyokwisha kuunganishwa yote inavumilia kuliko sirkwi iliyo peke yake mukononi, na hewa yetu wakati wa mvua inatusaidia sana. Lakini fundi wa soko anahesabu telefone zinazotoka. Zile zinazorudi anaziita telefone mbovu. Tena masomo hayako soko. Hapa tunafundishwa juu ya nini kitu kinafanyika. Kijana anayetoka hapa na kuomba kazi pahali wanapotengeneza vyombo vya hospitali au vya simu ataulizwa ginsi ya kulinda sirkwi. Akijibu kwamba hajaona hata siku moja meza ya namna hiyo, diplome yake itakuwa karatasi tu.

Jibu la pili: « Ni hatari kujifunga kwenye udongo wakati kuko umeme wa volti 220 karibu. » Hili ni neno la akili, na mwalimu aliyelisema tunamushukuru. Kujifunga kwa waya mtupu wa shaba ni kutafuta kifo kweli. Lakini brasele ya kazi hii ina rezistansi ya megaomu moja ndani yake. Gawanyeni volti 220 kwa omu 1,000,000: munapata miliampere 0.22. Ni kidogo mpaka mutu hawezi kuisikia vizuri. Ila mzigo wa statiki unashuka kupitia njia hiyohiyo mbele ya kupepesa macho. Njo maana brasele inunuliwe, isitengenezwe kwa waya tuliookota. Na hata ukiwa nayo, sheria inabaki: mutu asivae brasele wakati anapima chombo kilichofunguliwa na kilicho na umeme wa ukuta ndani, kama televizio. Avue kwanza. Brasele inalinda sirkwi. Si kinga ya kuchezea volti 220.

Sasa meza yenyewe ni nini? Ni vitu vichache. Juu ya mbao kunalazwa tapi ya kaucho ya kazi hiyo, inayopitisha umeme polepole: kipimo chake ni kati ya omu milioni moja na milioni elfu moja. Wengine waliuliza: juu ya nini tusiweke bamba la chuma tu, liko nyuma ya depo? Hapana. Chuma kinapitisha haraka mno. Sirkwi yenye mzigo ikiwekwa juu ya chuma, mzigo unatoka kwa mshindo mmoja, na mshindo njo unaoua. Tena waya wa umeme ukianguka juu ya chuma, meza nzima inakuwa mtego wa watu. Plastiki nayo ni mbaya kwa upande mwingine: inashika mzigo na haiachi. Tunataka kitu cha katikati, kinachoteremusha mzigo polepole kama mutu anayeshuka kilima na mtungi kichwani.

Tapi ina waya wake, brasele ina waya wake, na zote mbili zinaenda kila moja peke yake kwenye kifungo kimoja, na kutoka pale kwenda udongoni. Brasele isifungwe juu ya tapi, maana waya wa tapi ukikatika, mutu naye anabaki bila njia. Chuma cha kusudea kiwe cha waya tatu, ili ncha yake nayo iwe na udongo.

Hapa kuko neno la kuangalia kwa bidii. Nyumba nyingi za kwetu zina prize ya matundu mawili tu. Nyingine zina alama ya udongo, lakini nyuma yake hakuna waya. Prize yenye sura ya udongo bila udongo ni muongo. Tunaomba mwalimu wa umeme apime prize zote za atelye. Kama hakuna udongo, kipigwe chuma cha shaba katika ardhi yenye unyevu, na kiunganishwe na mtambo wa umeme wa nyumba nzima kwa kazi ya mutu anayeijua, si kwa haraka ya wanafunzi. Kisitumiwe hata kidogo chuma cha kuteremusha radi. Na siku radi ikianza kulia juu ya milima, watu wavue brasele, wachomoe prize, waache meza. Tuko Kivu, tusisahau.

Jibu la tatu ni la feza. Tunalisikia. Lakini mambo mengi hayaombi hata franka moja. Tuondoe kitambaa cha nailoni kilicho juu ya meza leo. Mbao yenyewe ni afazali. Sachet, vikombe vya plastiki na vipande vya polistireni vikae mbali, si chini ya santimetri 30 kutoka karte iliyofunguliwa, sababu plastiki haiwezi kuondolewa mzigo kwa waya. Karte ishikwe kwa pembeni, vidole visiguse miguu ya sirkwi. Zile sirkwi nyeusi tunazoziita mende, juu ya miguu yake mingi, zikae katika mfuko wake wa kungaa mpaka saa ya kuzisudea. Mutu asivae triko ya nailoni kwenye meza. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo. Tapi ikifika, isafishwe kwa maji na sabuni laini; nta ya samani haifai, inaacha ngozi isiyopitisha umeme.

Na zile feza kidogo zinunue nini? Tapi moja, brasele mbili, waya na kifungo. Multimetri tuliyo nayo inatosha kupima brasele kila asubui: mutu anavaa, anashika ncha moja ya multimetri kwa vidole, ncha nyingine kwenye mwisho wa waya. Ikionyesha kati ya megaomu 1 na 35, ni nzuri. Ikionyesha kwamba njia imekatika, itupwe. Ikionyesha karibu sifuri, isivaliwe, juu rezistansi yake haiko tena. Vipimo viandikwe katika kaye na mwenye kupima aweke jina lake.

Tunaongeza neno moja la mwisho, na hili linatuuma kuliko mengine. Koltani ya Rubaya inatoa tantale inayoingia katika kondansateri ndogo za telefone. Kobalti ya Kolwezi inaingia katika batri zake. Inchi yetu peke yake inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote. Vitu hivi vinatoka kwetu katika magunia, juu ya migongo ya watu, vinazunguka dunia, vinarudi kwetu vimekuwa telefone ambazo mama wa samaki ananunua kwa taabu. Tukiwa watu wa kuchimba tu, halafu tukashindwa hata kukitunza kile kilichorudi, tutabaki wa kubeba magunia siku zote. Mwenye kujua kutengeneza anapata heshima, na kutengeneza kunaanza kwa meza.

Basi tunaomba mambo matatu kwa heshima. Bwana Prefe na komite ya wazazi wakubali kwamba feza ya sanduku ianze kwa meza moja, si zote tatu. Mwalimu wa umeme apime udongo mbele ya kitu chochote kununuliwa. Na kazi yote iishe kabla ya mwezi wa sita, juu kiangazi kinaingia, hewa inakauka, na ndio wakati atelye inapokea watu wengi kuliko siku zote, wakati wa likizo. Kitambaa cha nailoni tuko tayari kukiondoa sisi wenyewe, hata kesho asubui mbele ya masomo, kama tukipewa rukusa.

Anayefikiri namna nyingine aandike, gazeti ni letu sote. Lakini aandike pia jibu ambalo tutamupa mama yule siku telefone yake itarudi.

Sisi wanafunzi wa sehemu ya elektroniki